Barafu Ikiyeyuka Jabalini

Radhia na mumewe Marhoun walikuwa wakikaa mji wa Nizwa, Uarabuni. Walitoka Unguja mwaka 1971. Marhoun alipata kazi serikalini. Radhia alishona nguo nyumbani. Thabit, mdogo wake Radhia, alikaa nao. Alikuwa fundi wa magari, kijana mcheshi, hawezi kula bila ya kumtania dada yake.

Shangazi yake Marhoun, Bi Wadha, alikaa juu ya mlima wa Jabal Akhdar na mumewe, Nadhir. Siku zile gari hazifiki kijijini kwao. Watu walipanda kwa miguu, mizigo juu ya punda.

Msimu mmoja wa baridi ilinyesha mvua kubwa. Kisha ikaja baridi kali, na usiku maji yakaganda jabalini. Habari zikafika kwamba Nadhir anaumwa kifua. Radhia akafunga mablangeti, asali na dawa.

"Mvua imekwisha, jua limetoka," alisema Marhoun. "Twendeni."

Kabla ya adhuhuri wote watatu, na punda wao, walifika pahala ambapo njia inapita chini ya jabali lililosimama kama ukuta. Changarawe zilikuwa zikichuruzika kutoka juu. Punda akasimama, akakataa kwenda.

"Kachoka," alisema Thabit. "Na mimi pia. Tukae hapa tule, kabla bibi harusi hajazimia."

Radhia akacheka. Wakakaa pamoja. Alikuwa akimega mkate aliposikia mlio mkubwa, kama lori linamwaga mawe. Marhoun alimvuta mkono wakakimbia. Vumbi lilipotulia, Thabit hakuonekana.

Walimzika kijijini, huko huko juu.

Siku za matanga Radhia hakula wala hakulia. Bi Wadha alikaa naye.

"Shangazi," alisema Radhia mwishowe, "mvua ilikuwa imekwisha. Jua linawaka. Mawe yameanguka vipi?"

"Hilo jua ndilo, mwanangu. Maji ya mvua huingia ndani ya nyufa za jabali. Usiku yakiganda hufura, yakaupanua ufa, kama kabari inavyopasua gogo. Lakini barafu hiyo hiyo hulishika jiwe. Jua likipiga, barafu huyeyuka. Jiwe halina tena cha kulishika."

"Na zile changarawe?"

"Zinatangulia. Ukizisikia, usisimame hapo. Rudi upesi mpaka pahala pa wazi. Na ukiona njiani mawe mapya, yamevunjika karibuni, jua mengine yako juu yanangoja."

"Tungefanya nini?"

"Mungebaki chini mpaka jabali likauke. Kama hapana budi, mupite alfajiri, mawe yangali yameganda. Mupite mmoja mmoja. Mmoja anapita, wengine wanatazama juu, kutoka pahala salama. Jiwe likija, lisiwakute nyote."

"Mbona hukutwambia?"

Bi Wadha aliinamisha kichwa. "Sikujua kama munakuja. Mungewauliza watu wa kijiji cha chini. Wao wanajua njia ilivyo kila siku."

Hapo ndipo Radhia alipolia.

Tangu siku hiyo hawakupanda tena bila ya kuuliza kwanza.

Msimu wa baridi uliofuata, Hamdun, jirani yake Bi Wadha, alifika Nizwa mchana. Alikuwa amejaa vumbi.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. "Nadhir amefariki. Anazikwa leo."

Marhoun alikuwa tayari anavaa viatu. "Shangazi hana mwanamume mwengine wa kwao. Lazima nende."

"Mimi nimeteremka alfajiri, mawe yameganda," alisema Hamdun. "Jua lilipotoka nikayasikia yanaanguka nyuma yangu."

"Nisimzike? Watu watasema nini?"

Radhia alisimama mlangoni. "Waseme. Mimi nimeshamwacha mmoja kule juu. Leo hatupandi."

Marhoun akakaa chini, akafunika uso.

Usiku ule walilala kijiji cha chini. Walisali alfajiri, wakaanza kupanda. Baridi ilikuwa inakata, na jabali limenyamaza. Hamdun alipita kwanza, kisha Marhoun. Radhia alimtazama mumewe mpaka alipofika upande wa pili. Kisha akapita yeye. Pale alipokufa ndugu yake alitamani kusimama. Hakusimama. Alimsomea Fatiha huku anakwenda. Mawe ya jana yalikuwa yamefunika njia, makubwa, mapya. Ilibidi ayapande kwa mikono.

Bi Wadha alikuwa amekaa eda, ndani, peke yake.

"Shikamoo, shangazi," alisema Radhia.

"Marahaba."

"Nisamehe," alisema Marhoun. "Sikuwahi kumzika."

"Wenzako wamemzika." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Jana mchana tulisikia jabali linaanguka. Maiti ya mume wangu iko mbele yangu, na mimi nawafikiria nyinyi. Nikasema, Mungu wangu, leo makaburi matatu."

Akawashika mikono, wote wawili, akakaa nao hivyo. Kwa muda mrefu hakuwaachia.