Leseni Chini ya Kiti

Saa tatu asubuhi, kituo cha bajaji Buhongwa, Jairo Odoyo aliinua kiti chake akakuta leseni haipo. Mfuko wa nailoni alimoihifadhi ulikuwepo, na pesa zake zote zimo. Alipanga kuihuisha leseni hiyo kesho yake, kabla muswada uliokuwa midomoni mwa watu haujawa sheria: dereva aonyeshe hadhi yake ya uhamiaji, la sivyo hapati leseni.

Akaitwa polisi, Koplo Justa. Huyu tangu utotoni hajawahi kumeza swali. Likimjia, lazima litoke.

"Mfuko uliufunga wewe?"

"Hapana, afande. Mimi niliubana kwa mpira."

Mpira ulikuwa chini, umekatika. Badala yake palikuwa na uzi uliopigwa fundo dogo, gumu. Mwizi gani anaacha pesa, halafu anafunga mfuko zisimwagike? Swali hilo lilimwasha Justa kwelikweli.

Wote walimnyooshea kidole Machibya, dereva mwenzake, ambaye kila siku alimwita Jairo Mkenya.

"Ni utani tu, afande!"

"Funga huu uzi."

Machibya alifunga kama anayefunga ndama. Justa akavuta mara moja, fundo likafunguka. "Nenda zako."

Hatua chache kutoka hapo, Akumu, mama yake Jairo, alikuwa kwenye meza yake ya dagaa, akiwafungia wateja mifuko kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nipimie dagaa, unifungie vizuri."

Akumu alifunga bila kuangalia, kwa vidole vilivyokulia kwenye nyavu. Justa akalilinganisha fundo na lile la kwanza. Yalikuwa mapacha.

"Mama, kwa nini?"

Akumu aliichomoa leseni chini ya gunia, machozi yakimtoka. "Nilimzaa ng'ambo, Kenya, nyumbani kwa mama yangu. Akienda kuhuisha, hata kabla ya hiyo sheria, watamuuliza alizaliwa wapi. Nikaona bora akose kazi kuliko akose nchi."

"Mama!" Jairo, aliyekuwa amemfuata Justa, aliduwaa. "Miaka yote hii?"

"Baba yake ni wa wapi?" Justa aliuliza.

"Marehemu Odoyo? Wa Shirati, hapa hapa Tanzania."

"Basi mtoto wa Mtanzania ni Mtanzania, hata azaliwe majini. Kesho akahuishe."

Jairo alicheka kwa furaha, akamkumbatia mama yake. Akumu hakucheka. Alikaza kanga yake, akamtazama Justa kama anayesubiri kofi.

Swali lilikuwa limeshafika ulimini: na wewe, mama, ulizaliwa wapi, na karatasi zako ziko wapi? Justa alimwonea huruma. Akalimeza, la kwanza maishani mwake.

"Dagaa hawa," alisema, "ni wa leo?"