Hodi kwenye Mlango wa Buluu

Jua lilipoanza kuzama, mchomeleaji alifunga karakana yake, akaenda kuchukua kompyuta ya marehemu binti yake. Mwenye nyumba alikuwa anakitaka chumba cha kazi alichokuwa amepanga binti, basi. Kuchomoa nyaya, kufunga boksi, kisha kurudi nyumbani ambako hakuna wa kumwambia pole.

Alimkuta Kidoti, rafiki wa binti, mchoraji wa picha za mchezo wao wa kompyuta. Mchezo wenyewe waliutengeneza wawili tu, bila kampuni wala mfadhili. Msafiri anapita kwenye mji uliohamwa, anajibu maswali ya wakazi waliobaki, na kila jibu analochagua linambadilishia njia. Mwishoni kabisa kuna mlango wa buluu.

Haujawahi kumfungukia mtu.

"Watu wanabishana mtandaoni mpaka wanatukanana," Kidoti alisema, akiuonyesha mlango kwenye kioo cha kompyuta. "Wengine wanadai ufunguo uko kisimani. Wengine, eti usimfukuze mbwa. Yuko anayeapa kwamba nyuma yake hakuna kitu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nilichora mbao tu, kama alivyonielekeza, Baba. Ndani alijaza yeye. Nilikuwa nikimuuliza, anacheka."

Mzee akasogea. Rangi iliyobanduka pembeni, kitasa kilicholegea... Mlango ule aliujua. Ni wa chumba cha binti yake kule nyumbani, ule alioahidi kuurekebisha, kesho, keshokutwa, mpaka binti akaugua, akafa.

"Wamepiga hodi?"

"Nani?"

"Hao wachezaji."

"Hakuna kitufe cha hodi, Baba."

Mambo ya vitufe yalikuwa yamempita kando siku nyingi. Akainama, akagonga kioo kwa kidole, mara mbili, akakohoa kidogo. Ndivyo alivyobisha kila jioni akitoka kazini.

Kitasa kikazunguka.

Kidoti akajiziba mdomo. Chumba kikajaa harufu ya dawa ya kuchua, ile ile aliyokuwa akimpaka mgonjwa mgongoni. Kwenye kioo, msichana alikuwa amelala kitandani, ameupa mlango mgongo. Maneno yakatokea, herufi moja moja.

*Pita, Baba. Umekula?*

Chini yake, majibu mawili. NIMEKULA. BADO.

Machozi yakamtoka. Wakati wote wa ugonjwa alijibu kwamba amekula, hata kama njaa inamkunja tumbo, maana akisema bado, binti angejikokota mpaka jikoni kumpikia. Na uongo wenyewe hakuuweza. "Muongo wewe, Baba," angeambiwa, kisha wangecheka wote wawili.

Leo alikuwa amechoka kudanganya. Tangu mazishi chakula kilikuwa hakipiti kooni, na majirani wote akiwaambia hajambo. Alitaka mtu mmoja tu ajue.

Akabonyeza BADO.

Msichana akajiinua taratibu, mkono mmoja kiunoni.

*Basi ngoja. Nakuja.*

Kioo kikazimika.

"Labda aliuwekea masikio," Kidoti alinong'ona. "Mchezo unaweza kusikia kwa maikrofoni..." Akaigeuza kompyuta. Akagusa tundu tupu pembeni.

"Nini?"

"Maikrofoni iliharibika zamani. Niliing'oa mimi mwenyewe."

Mzee alifika nyumbani giza limeshaingia. Aliweka boksi mezani, hakuchomeka hata waya mmoja. Akakaa.

Krrr...

Mlango wa buluu ulikuwa unafunguka.

Ndala zikaanza kuburuzwa kuelekea jikoni. Hatua, kisha pumziko. Hatua, kisha pumziko. Na pumzi nzito, ya mtu anayeumwa ambaye hataki asikike. Harufu ya dawa ikapita ukumbini.

Nywele zilimsimama, ndiyo. Lakini kilichompasua moyo si woga. Mtoto alikuwa amepumzika hatimaye, naye baba mtu kaenda kumwamsha.

"Nimekula, mama!" aliita, kwa jina alilokuwa akimbembelezea tangu utotoni. "Nimeshiba kabisa. Rudi ukalale, mama. Tafadhali."

Ndala zikasimama.

Kisha kicheko kidogo, chenye uchovu.

"Muongo wewe, Baba."

Na kule jikoni, mfuniko wa sufuria ukafunuliwa.