Pumzi Kati ya Mapigo

Jua lilikuwa linazama fundi wa sauti alipobisha hodi kwa shemeji yake, kuchukua mashine ya ngoma ya marehemu mkewe. Mashine yenyewe ndogo tu, ya kubeba kwapani, vitufe kumi na sita. Mkewe alikuwa akivibonyeza mpaka majirani wanatikisa vichwa bila kupenda. Alifariki akiwa ameacha wimbo mmoja nusu: sauti yake imesharekodiwa, ngoma bado. Fundi alijiapiza kuumalizia. Miezi hii mitatu, hicho tu ndicho kilichokuwa kikimtoa kitandani.

Shemeji aliitoa kabatini, imeviringishwa kwenye shuka.

"Shemeji, hii kitu inapumua," alinong'ona.

"Itakuwa betri hizo."

"Haina betri. Na dada aliniambia siku zile za mwisho kwamba atakaa humo mpaka wimbo uishe. Nikadhani ni homa."

Fundi alishukuru, akaondoka. Watu wa ufundi hao, bwana! Ukiwaambia mzimu, wanakuuliza umechomeka waya gani.

Nyumbani, chumba cha kurekodia na chumba cha kulala vimetenganishwa na ukuta mmoja. Alichomeka mashine, akavaa hedifoni, akabonyeza.

Du. Ta. Du-du. Ta.

Na chini ya mapigo... mmmmm.

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Muungurumo ni adui anayemjua. Alibadilisha waya; ukapungua kidogo. Akazima taa ya tyubu, ukapungua tena. Simu akaipeleka sebuleni. Mashine na kompyuta akavichomeka kwenye soketi moja. Akabaki gizani, anasikiliza, na hapo moyo ukamchoma.

Maana hata jioni ile alikuwa kwenye kiti hiki hiki, hedifoni masikioni, anasaka muungurumo kama huu. Mkewe mgonjwa alikuwa ng'ambo ya ukuta. Alimwita, jirani wa nyuma alisikia, alimwita weee. Fundi alipoupata ubovu akaenda kumwambia kwa furaha. Mkono wa mkewe ulikuwa umeshapoa.

Akajifuta uso. Akazima friji. Mwisho akachomoa mashine kwenye umeme, akaitia betri.

Muungurumo ukakatika.

Du. Ta. Du-du. Ta.

Halafu, katikati ya mapigo...

Hhh.

Akashika hedifoni kwa mikono miwili. Hhh... hhh. Pumzi fupi fupi, zenye mkwaruzo. Chumba kikajaa harufu ya ile dawa aliyokuwa akimpaka kifuani kila asubuhi.

Akazima mashine. Mapigo yakakoma. Pumzi haikukoma.

Akatoa betri. Akachomoa waya. Kompyuta ilikuwa bado inarekodi, na kwenye kioo mstari mwembamba ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka.

"Fun..." Sauti ya mkewe, aliyezoea kumwita Fundi.

Jamani, mtu umelia miezi mitatu kwamba ungeisikia sauti hiyo japo mara moja, halafu inakuja, na wewe unaogopa. Aliogopa, maskini. Mkono ukakimbilia kile ulichozoea kufanya kila siku ya kazi: akakata kipande kidogo cha pumzi ile, akaionyesha kompyuta kwamba hii ndiyo taka, iondoe popote ilipo. Kompyuta ikauliza kama ana uhakika.

Akabonyeza.

Pumzi ikakatika. Harufu nayo ikaondoka, kama mtu amefungua dirisha.

Akaweka ngoma kwenye wimbo, akasikiliza. Ngoma safi. Gitaa lipo. Mahali pa sauti ya mkewe, hakuna kitu. Akarudia. Akaenda kuchukua simu sebuleni, akafungua ujumbe wa sauti aliotumiwa na mkewe, ule anaousikiliza kabla ya kulala. Maji yanatiririka, sahani zinagongana, mlango unafungwa. Mwenyewe hayumo.

Simu ikaita mkononi. Shemeji.

"Umefanya nini?" Alikuwa analia. "Ujumbe wote wa dada... nasikia magari tu barabarani."

"Nimetoa kelele," alisema. "Nilikuwa natoa kelele tu, shemeji."

Akarudisha kila kitu. Friji, taa, ule waya mbovu. Muungurumo ukarudi, mmmmm, na yeye akausikiliza akiwa amepiga magoti, shavu ukutani.

"Niite," alinong'ona. "Niite tena. Nimevua hedifoni, mke wangu, niko hapa."

Ukuta ulikuwa wa baridi. Friji ilinguruma.

Hedifoni hazivai tena. Mashine iko mezani, haina betri, waya wake ameukata kwa mkasi. Lakini kila jioni jua linapozama huwa inajiwasha. Du. Ta. Du-du. Ta. Inapiga mpaka pale mkewe alipokuwa akiingia kuimba.

Hapo inasimama. Inangoja.

Fundi hufungua mdomo aimbe badala ya mkewe, angalau amwanzishie. Anatafuta sauti ile kichwani, alivyoipandisha, alivyomwita jina. Anakaa hivyo mdomo wazi mpaka giza linaingia, na hakumbuki.