Ngome Ndani ya Mfuko wa Buluu

"Ngome imetoka Kista. Mbebaji asiifikishe uwanja wa ndege."

Sauti ikakatika sikioni mwa mpelelezi Maombi.

Akakanyaga mafuta. Volvo ikanguruma kuelekea kituo cha treni cha Jakobsberg, theluji ikipiga kioo.

Ngome yenyewe ilikuwa picha. Mchoro wa rangi za maji wa karne ya kumi na tisa: ngome iliyobomoka kando ya mto, madirisha yake matupu kama macho yaliyong'olewa. Picha ya wizi. Mnunuzi wa Brussels angeilipia kwa bunduki, na bunduki zingeshukia Kivu.

Israël ndiye aliyebeba picha iliyotangulia. Akaifikisha. Akawaona wapokeaji sura.

Maiti yake iliopolewa mferejini.

Leo mbebaji ni Gaëlle, binti wa Dorothée. Maskini, hajui lolote. Papy wa kanisani kwao alimwambia tu, "Nipelekee shangazi kamzigo." Na kwetu Kivu nani hufungua mzigo wa mtu? Ni aibu.

Gaëlle alikuwa amesimama akingoja treni, mfuko wa buluu wa IKEA begani, muziki masikioni. Nyuma ya nguzo, Papy. Mkono ndani ya koti.

Maombi akitoa kitambulisho cha polisi, risasi italia.

Basi akatoa mfuko wake wa buluu, pacha wa ule, kwenye buti la gari, akajigeuza shangazi.

"Weee, Gaëlle! Binti ya Dorothée! Siku hizi wakubwa hawasalimiwi?"

"Hej... förlåt, samahani, tantine."

"Eti förlåt! Si unaenda Brussels? Utanibebea sombe, kisamvu nilichotwanga mwenyewe."

"Lakini nina mzigo wa tonton Papy..."

"Wa Papy unabebeka, wangu unanuka? Lete nikupangie!"

Akachuchumaa. Mfuko kando ya mfuko, kitenge juu ya kitenge. Mikono ikapishana.

"Haya, vyote vimo. Panda, mama."

Gaëlle akapanda. Milango ikajifunga. Treni ikaenda.

Papy hakupanda. Alikuwa ameona.

"Tantine," pumzi yake ikamgusa Maombi shingoni, "huo mfuko si wako."

"Ni wa nani?"

"Wangu. Na picha iliyomo ni yangu. Leta, au utamfuata Israël."

"Kituo, mmesikia?" Maombi akauliza kwenye kinasa sauti cha kola.

"Neno kwa neno."

Papy akachomoa mkono. Akachelewa. Chini ya kitenge, bastola ya Maombi ilikuwa imeshagusa mbavu zake.

"Salimia wakubwa, Papy."

Wanywa kahawa wawili, askari wenzake, wakainuka kwenye benchi na pingu.

Maombi akaitundika ngome begani, akapandisha zipu ya koti, akaanza kutembea.

"Msichana?" sauti ya sikioni ikauliza.

"Yuko salama. Watu wetu wamo behewani, watamshusha kituo kijacho."

"Alikuuliza wewe ni nani?"

Maombi akafungua mlango wa Volvo.

"Hapana."

"Na mfuko uliompa, ameufungua?"

"Wala. Nilimwona dirishani, ameukumbatia," alisema Maombi.