Mahali Palipojibu

Mlima Kilimanjaro uliota sakafuni kama uyoga baada ya mvua, ukafika kiunoni mwa wageni, umevaa theluji yake ya zamani, kwa maana ile ya kweli ilikwisha kuyeyuka. Twiga mwenye kimo cha paka akapita katikati ya miguu yao. Upande wa Unguja ikapanda harufu ya karafuu.

"Karibuni," ikasema sauti laini kutoka darini. "Nchi hii ina maziwa makuu matatu, makabila zaidi ya mia na ishirini, na lugha moja inayowaunganisha. Katika bendera yake kijani ni uoto, dhahabu ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni maji."

Huyo ndiye Mtambulishi, mashine ya kuijulisha nchi kwa wageni, katika ukumbi wa kiwanja cha ndege cha Dodoma, mwaka 2078. Wageni waliitembelea nchi nzima kwa hatua arobaini, wengine wakatoka wanafuta machozi. Wakubwa nao waliipenda mno mashine hiyo, na wakubwa wakipenda kitu hukitungia sheria. Leo saa sita mchana sakafu ile ingepigwa Muhuri. Kuanzia hapo kila ofisi ingeisoma nchi kutoka pale: bomba la maji lipite wapi, ndege ya wagonjwa itue wapi, ardhi ipewe nani. Kisichoonekana sakafuni, hakipo.

Saa tano na dakika ishirini wageni wakatolewa, milango ikafungwa. Mhandisi Nyemo Chidosa akavua viatu, akaikagua nchi kwa mara ya mwisho. Alipofika magharibi ya Manyoni, mguu ukabaki hewani.

Bonde alikozaliwa lilikuwa la manjano. Hakuna nyumba, hakuna zizi, hakuna hata kichuguu. Akaligusa kwa kidole cha mguu.

"Eneo tupu," Mtambulishi akasema kwa upole. "Limetengwa kwa mitambo ya kurushia roketi."

 Nyemo akatoa kioo chake cha kiganjani, akampigia shangazi yake Mbeleje, mwenye miaka themanini na mitatu, anayeishi katika hilo eneo tupu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona unahema kama umefukuzwa na fisi?"

"Vile vidadisi vya kuhesabu watu vilivyokuja huko, mlivijibu nini?"

"Vile vidudu vya kuruka? Vimekuja mara tatu na hodi havijui. 'Hapa panaitwaje? Mko wangapi?' Tukavikaribisha chakula kwanza, kama watu. Ugali wa uwele, mlenda, karanga. Unajua vilifanya nini? Vilikipiga picha! Ugali ukapoa, mbuzi wakala."

"Kisha?"

"Kisha tukavijibu kama inavyopasa. 'Hapa ni hapa. Sisi wapita njia.'"

Nyemo akafumba macho. Aliijua desturi hiyo, amekua nayo. Kwao jina la mahali na hesabu ya watu haambiwi mgeni mpaka atie mkono katika sahani. Na usiuite ushamba. Mjerumani aliambiwa jina angali juu ya punda wake, akarudi na kamba, akaondoka na vijana thelathini wa kumbebea mizigo. Mwaka 1974 afisa aliambiwa idadi kabla hajanawa mikono; wiki ya pili yake malori yakaja, na paa zikachomwa nyuma ya migongo ya watu. Wenye kalamu husahau upesi. Walioandikwa hawasahau.

Tena kanuni ya kuhukumu majibu aliiandika yeye mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, kwa haraka ya kuwapendeza wakubwa: pasipo jina wala idadi, ni patupu.

"Shangazi, nitalisema jina mimi. Mimi nilikula."

"Umekula wewe. Hicho kisanduku chenu kimekula?"

"Wataweka roketi juu ya makaburi!"

Upepo wa huko ukasikika katika kioo. "Hata wale wa malori walisema tukiandikwa tutapona. Bibi yangu alipandishwa lori akiwa na mimba ya mama. Nyemo, ukilitamka huko, siku yangu ikifika usije kunizika."

Kioo kikazimika.

Saa tano na dakika arobaini na tano. Mlango wa pembeni ukafunguka, akaingia Mkurugenzi Chengula, amevaa suti ya sherehe.

"Bado unapekua miguu peku? Waziri yuko njiani, dada yangu."

"Hapa pana watu."

"Mashine inasema hapana."

"Mashine nimeifundisha mimi, nami nilikosea."

"Basi taja jina, taja idadi, tuingize. Dakika mbili tu."

"Siwezi."

"Hujui?"

"Najua."

Chengula akacheka kwa wasiwasi. "Ninyi mna mambo. Nchi isubiri mlenda?"

 Jasho lilimtoka Nyemo mpaka kwenye nyayo. Akitaja, atampoteza shangazi. Asipotaja, shangazi atapotea. Akafungua ghala la sauti la vidadisi, ambavyo havitupi kitu, akasikiliza tena jibu lile. Sauti ya shangazi, kavu, yenye kejeli: hapa ni hapa.

Vidole vikaanza kuandika vyenyewe. Alifuta kanuni yake, akaweka nyingine fupi: mahali palipojibu pana mtu.

"Jina?" Chengula akauliza, ameinama begani mwake.

"Wanalo. Atakayelitaka aende akale nao. Na sheria yako inasema penye watu hapagawiwi mpaka wakae kikao. Weka dole gumba."

Kila badiliko lilitaka madole mawili, la mhandisi na la mkurugenzi. La Nyemo lilikwisha kuwekwa. Sakafu ikaonyesha itakavyokuwa: bonde likageuka jeusi, rangi ya watu.

Kisha doa jingine likatokea Rungwa. Jingine Kilwa. Kumi, hamsini, mia nne. Kila mahali ambapo mtu alikuwa amekiangalia kidadisi akasema sijui, akasema tunapita, akasema muulize baba yako, sasa pakawa peusi. Weusi ukapanda miteremko, ukazunguka maziwa, twiga akasimama.

"Simamisha!" Chengula akasema. "Nchi gani inajitambulisha hivi? Waziri atasema tumempaka masizi!"

"Ni wao. Walikuwepo jana pia."

Zikabaki dakika tatu. Bila dole lake, sakafu ya zamani ingejipiga Muhuri yenyewe. Chengula alikuwa ameganda, ametazama kusini, milima ya Kipengere, ambako doa moja dogo lilikuwa likitanuka.

"Pale pameandikwa hifadhi," akasema polepole. "Nilipaandika mimi. Bibi yangu alikataa kuhama. Kisha nikaambiwa amehama."

"Amejibu mwezi uliopita."

"Alisema nini?"

"Alikitukana kidadisi."

 Chengula akabonyeza dole lake kwa nguvu hata kucha ikawa nyeupe.

Muhuri ukalia. Milango ikafunguka kwa tarumbeta. Waziri akaingia wa kwanza akitabasamu, akainua mguu, akashusha macho kwenye weusi ule wa watu, akakosa pa kukanyaga.