Bemoli ya Pili

"Kasuku, hapa Kiota. Ndege imewasha injini."

"Naiona."

Nazaria Surubí, mpelelezi wa polisi, aliirudisha redio mahali pake na kukanyaga mafuta. Land Cruiser iliruka tuta, ikapasua uzio wa waya na kuingia kwenye kiwanja cha ndege cha nyasi nje ya mji wa San Bartolo. Mbele yake, Cessna nyeupe ilikuwa imeanza kukimbia.

Alishusha kioo. Akatoa bastola yake ya Glock.

Risasi moja. Tairi la mbele likapasuka, ndege ikainama pua na kusimama.

Aliyeshuka ni Vandersteen, Mbelgiji muuza vitu vya kale, na suti yake ya kitani haikuwa na kunyanzi hata moja. Mkononi alishika mkoba wa chuma. Alitoa karatasi yenye mihuri yote inayotakiwa: ruhusa ya kusafirisha nakala mpya ya kitabu cha muziki cha misheni, iliyoandikwa kwa mkono na Don Eleuterio Chuvé, mwalimu wa kwaya.

"Kitabu chenyewe kiko kanisani, bibie, ndani ya kabati la kioo," alisema. "Nenda kakitazame. Ukirudi utanilipa tairi langu."

Nazaria aliisoma karatasi mara mbili. Kitabu hicho kilikuwa kimeimbwa San Bartolo kila Pasaka tangu enzi za mapadri wa kwanza. Akikosea leo, mtu huyu ataondoka nacho kihalali, na hakitarudi. Lakini kilichomchoma zaidi ni lile jina kwenye karatasi. Don Eleuterio alikuwa mjomba wake, aliyemfundisha fidla kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Wiki hiyo mjomba alikuwa amempigia simu mara tatu. Zote aliziacha ziite mpaka zikakatika, maana alikuwa kazini.

Alichukua redio yake ya Motorola, akamwita Wilber, msaidizi wake aliyekuwa akilinda kanisa.

"Wilber, fungua kabati. Ukurasa wa kwanza. Mwanzoni mwa mstari, kabla ya nota, kuna alama kama herufi b ndogo. Ziko ngapi?"

"Bosi, mimi na muziki wapi na wapi."

"Na kuhesabu je?"

Redioni, kurasa zilichakarika.

"Mbili."

"Mistari mingine?"

"Mbili mbili. Yote."

Alama hiyo wenyewe huiita bemoli. Hushusha sauti ya nota, na ikiandikwa mwanzoni mwa mstari humwambia mpigaji wimbo uko katika ufunguo gani. Wimbo huu ulikuwa wa huzuni, katika ufunguo uitwao sol ndogo, na siku hizi mwanafunzi yeyote angeuandikia bemoli mbili, ya nota ya si na ya nota ya mi. Wazee wa misheni waliandika ya si peke yake. Ile ya mi waliichomeka ndani ya wimbo pale tu ilipohitajika.

Somo hilo lilimwingia kwa maumivu. Utotoni alinakili ukurasa huohuo, akaongeza bemoli ya pili kwa ujuaji wake, na mjomba akamgonga vidole kwa upinde wa fidla. Wafu hawasahihishwi, alimwambia.

"Fungua mkoba," alimwambia Vandersteen.

"Una kibali?"

"Nina Glock."

Karatasi zilikuwa za kahawia, zimeliwa na wadudu pembeni. Kila mstari, bemoli moja.

"Kiota, hapa Kasuku. Kitabu halisi ninacho mimi. Cha kanisani ni bandia."

"Kazi safi. Na aliyetengeneza bandia?"

Nazaria aliufunga mkoba kwanza.

"Namfuata."

Alipomwacha Vandersteen mikononi mwa askari, alimkuta Don Eleuterio kanisani kwenye benchi la kwaya, fidla mapajani, sahani ya kunyape, vile vimkate vya jibini, vikiwa vimepoa pembeni yake. Mzee alieleza yote bila kuulizwa. Mbelgiji alimwambia kitabu kinakwenda ng'ambo kutengenezwa, kitarudi, na nakala ikae kwenye kabati watu wasije wakaingiwa na hofu. Alipong'amua kuwa hakirudi, alikuwa ameshatia sahihi ile karatasi ya ruhusa, na aibu ikamziba mdomo mbele ya mji mzima.

"Nikakupigia wewe," alisema.

"Nilikuwa kazini, mjomba."

"Najua. Ndipo nikaishika tena ile nakala, nikatia lile kosa lako la utotoni, mstari kwa mstari. Simu zangu huzioni, mwanangu, lakini hilo nilijua utaliona."

Akanyoosha mikono mwenyewe. Nazaria alimfunga pingu, akahakikisha hazimbani. Alijiona mkosaji kuliko mzee mwenyewe. Angepokea simu moja tu, mzee angepanda kizimbani kama shahidi.

Nje, habari ilikuwa imeshaenea na watu walimpigia makofi. Wilber alimkabidhi mzee kwa askari. Nazaria alivaa miwani yake ya jua, akavuka uwanja wa kanisa bila haraka, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Simu ikaita mfukoni. Mama yake, dada wa Don Eleuterio.

Hii aliipokea.