Nepi Chini ya Mawe

Tiki-tiki-tiki-tiki. Ni ile sauti ya gurudumu la nyuma la baiskeli linapojizungukia bila mtu kukanyaga, kwenye mteremko. Mkwe aliisikia saa nane usiku akiwa ananyonyesha, akabana pumzi, kwa sababu haikutoka barabarani. Ilitoka ukumbini, humo humo ndani ya nyumba. Ikapita mbele ya mlango wake taratibu, ikaishia upande wa stoo.

Akajiambia ni baba mkwe. Nani mwingine? Wakwe zake walikuwa wagonjwa wa baiskeli, tena ugonjwa usio na dawa. Baba mkwe alikuwa mwalimu wa jiografia mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wazee waliomzidi umri. Mkewe wakamwita Mkunga, kwa ile miaka thelathini na minne ya wodi ya wazazi. Walipostaafu watu walidhani watafuga kuku. Wao wakanunua baiskeli mbili na viatu vya kupandia milima, na kila Jumamosi wakawa wanapotelea kwenye njia za msituni, wanarudi jioni wekundu kwa vumbi, wanacheka kama wanafunzi waliotoroka shule. Ukuta wa sebule ulijaa picha zao: maporomoko ya maji, ukingo wa bonde, Mwalimu juu ya jiwe kubwa kofia upande, Mkunga amemshika mkanda asianguke.

Asubuhi Mkwe alimkuta mtoto nywele zimelowa. Si jasho. Maji ya baridi, yananukia majani na ukungu wa jiwe, na mwili wote ulikuwa msafi kama umesuguliwa. Akamkausha haraka haraka, asimwambie mtu.

Asingeweza kusema. Harufu ile aliijua.

Jumamosi iliyotangulia, mumewe akiwa safari na lori lake, Mkunga alimwambia, "Mwanangu, utaozea jikoni. Chukua baiskeli ya mumeo twende." Mtoto akafungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya bibi yake. Chini ya mlima wakaziacha baiskeli, wakapanda kwa miguu mpaka kwenye chemchemi, mahali maji yanapotoka chini ya rundo la mawe, baridi, meupe, na kimya cha kukufanya unong'one bila kuambiwa. Hapo hapo mtoto akachafua nepi, tena vibaya.

Wakwe hao walikuwa na sheria moja: kilichopanda na sisi kinashuka na sisi. Hata ganda la yai. Wakishuka, Mwalimu alikuwa anatandika turubai, kila mtu anamwaga vya begi lake, naye anakagua kama daftari za darasa la pili. "Mkunga, umekula ndizi mbili, ganda ni moja. Mwenzake yuko wapi?" Mkunga atajibu, "Nimemeza, niandikie sifuri," na wote watacheka.

Mkwe aliliwaza lile turubai. Akaiona nepi yake ya kitambaa, mbichi, inaanguka mbele ya macho ya baba mkwe. Akajiona yeye mwenyewe uso umemshuka kwa aibu. Basi wenyewe walipokuwa wanapiga picha, akainua jiwe, akaisukuma nepi ndani kabisa, pale maji yanapotokea, akarudisha jiwe.

"Nepi umeiweka wapi?" Mkunga aliuliza.

"Ndani ya begi, mama."

Na kule chini, alipoanza kulifungua begi, Mwalimu aligeuza uso kwa heshima zake zote. "Acha, binti yangu. Begi la mama mwenye mtoto halikaguliwi."

Kumbe hata asingeiona.

Usiku wa pili gurudumu lilipita tena. Mkwe aliamka, akapapasa kitanda, akapapasa tena, mtoto hayupo. Alipiga kelele mpaka nyumba nzima ikasimama. Walimkuta stoo, ambayo ilikuwa imefungwa kwa kufuli na ufunguo uko shingoni mwa Mwalimu, amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya bibi yake, mikanda imefungwa barabara, nywele zinachuruzika, anacheka. Alikuwa anaangalia mahali pa mwendeshaji, juu kidogo, kama anavyoangalia uso wa mama.

"Nani kamweka hapa?" Mwalimu alinong'ona.

Mkunga alikuwa amepiga goti, anaushika mpira wa gurudumu. "Tope," akasema. "Jekundu, tena bichi. Baba, huku kwetu hakuna tope jekundu."

Kesho yake wakamleta mganga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu anayeuza nguo, hana mbwembwe. Alimnusa mtoto utosini, akanusa kile kiti, akakaa.

"Huyu anayewajia usiku si wa hapa. Mmemfuata kwake, naye amewafuata kwenu. Kuna mtu amemchafulia maji. Sitaki hadithi, nataka mtu mmoja aseme ni mimi, basi, tuanzie hapo."

Saa ya ukutani ikawa inagonga kichwani mwa Mkwe. Alifungua mdomo. Kweli aliufungua. Akamwona baba mkwe ameketi wima mbele yake na shati lake la kustaafia, akaufunga.

"Ni mimi," Mwalimu akasema.

Wote wakamgeukia.

"Kibofu changu siku hizi..." Alikuwa anaongea na magoti yake. "Nilijificha nyuma ya mawe. Haikufika majini, nilidhani haikufika. Mama Mkunga, mimi ndiye ninayekagua wenzangu maganda ya ndizi. Mnisamehe. Na wewe binti yangu, nisamehe, kusikia mambo kama haya."

Mkunga alimshika bega. Mganga akamwambia apande peke yake, kwa miguu, akaombe radhi. Mkwe alitazama sakafu. Mzee wa miaka sitini na saba alivaa viatu, akaondoka na fimbo, naye Mkwe akamfungia mlango kwa mkono wake.

Alirudi usiku umeingia, magoti yamechubuka, midomo mikavu. "Nimeomba," akasema. "Hakuna aliyenijibu." Akapitiliza kulala na viatu vyake.

Usiku ule Mkwe alimfunga mtoto kifuani kwa khanga, mafundo mawili, akakaa na taa imewaka, akaapa hatalala, na hakulala, ila taa ilipungua yenyewe kama inayozama, na harufu ya majani mabichi ikaingia kwa chini ya mlango, kisha tiki-tiki-tiki, pole, karibu, ikasimama, na mlango uliokuwa na komeo ukawa wazi bila kufunguka, na pale ukumbini akamwona mwanamke juu ya baiskeli, khanga yake inadondosha maji, miguu haifiki kwenye pedali na pedali zinazunguka, hana haraka, kama mama anayepitia kumchukua mwanawe kwa jirani, akanyoosha mikono, mirefu, misafi, imejikunja ngozi kama ya mtu aliyefua siku nzima, na mafundo ya khanga yakafunguka moja baada ya jingine, na Mkwe akataka kulia lakini koo lilijaa maji ya baridi, na kitu alichosikia si tishio, afadhali lingekuwa tishio, ni sauti ya kawaida kabisa, ya kuchoka, inasema, "Umeniachia kazi ya kufua. Ninachokifua mimi, kinabaki kwangu."

Alipopata miguu alikimbia nje. Mtoto alikuwa getini, upande wa barabarani, juu ya nyasi, ameogeshwa, amelala. Baiskeli imelala kando yake, uso umeelekea mlimani. Usiku wa kwanza kitandani, wa pili stoo, wa tatu getini. Wa nne angefika wapi?

Akaanguka miguuni pa Mkunga, ambaye alikuwa ametoka mbio na gauni la kulalia. "Mama, ni mimi! Si baba, ni mimi, niliiacha nepi pale, niliona aibu ya turubai, mama, nimemwacha baba apande mlima kwa kosa langu!"

Mkunga alimwinua mtoto kwenye nyasi, akampapasa mwili mzima. Halafu akasema, "Vaa viatu."

Walifika jua likichomoza. Mkwe, mtoto mgongoni, alipiga magoti kwenye maji. "Nilichafua kwako," akasema, sauti ikipasuka. "Nikadanganya. Nikamwacha mzee wangu aibike badala yangu. Ninaomba radhi." Akainua jiwe.

Nepi ilikuwa pale. Nyeupe kuliko siku ilivyonunuliwa, kavu katikati ya maji, imekunjwa mara nne, pini imefungwa juu yake.

Chini yake kulikuwa na nyingine. Ndogo, ya kitambaa ambacho Mkunga na vitambaa vyake vya miaka thelathini na minne hakukijua. Hiyo ilikuwa chafu.

Mkunga alivuta pumzi. Sauti yake ikawa ile ya wodini, ya kuongea na mwenye uchungu. "Ana mtoto mchanga na yeye. Amekufulia ya wako. Mfulie ya wake."

Mkwe aliishusha hadi kijito cha chini, akaifua kwa sabuni aliyobeba Mkunga, vidole vikifa ganzi, akaianika juani, akairudisha mahali pake imekunjwa mara nne. Hakuna kilichotikisika. Ila mtoto mgongoni alilia, kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu, kilio cha njaa, cha kawaida, na wote wawili wakakaa chini wakalia naye.

Njiani kushuka Mkwe alisema, "Nikifika namwambia baba."

Mkunga alisimama. "Umwambie nini? Kwamba alijivua nguo mbele ya mganga bure? Huyo mwanamume hajapona aibu ya jana, mwanangu. Ukimwambia, utampandisha mlima mara ya pili. Iache siri hii kwangu na kwako. Hiyo ndiyo utakayobeba."

Gurudumu halikusikika tena. Mwalimu alizitundika baiskeli zote stoo, magurudumu juu, akashusha picha ya chemchemi kutoka ukutani. Jumamosi anakaa kibarazani anatazama milima. Mkewe akimwambia twende hata hapo karibu, anasema, "Mimi si mtu wa kupelekwa mahali pasafi." Naye Mkwe anamletea chai, hawezi kumtazama usoni, na mzee anadhani anamchukia kwa kosa lile, anasema asante kwa sauti ndogo.

Wiki iliyopita Mkwe alikwenda kuanua nguo. Alikuwa ameanika nepi saba. Kambani zilikuwa nane. Ile ya mwisho ilikuwa ndogo, chafu, inadondosha maji yenye harufu ya majani na jiwe.

Aliichukua, akaificha chini ya beseni, akasubiri mpaka Mwalimu alipoingia ndani. Mkunga alikuwa mlangoni, ameona.

"Nifue tu?" Mkwe akanong'ona.

"Fua. Utazifua mpaka wake akue. Na mzee asijue, wala mumeo, wala mtu mwingine yeyote."

"Sitasema, mama," akajibu, mikono yake ikiwa tayari ndani ya povu. "Sitamwambia mtu mwingine."